Mlango wa Bendi, Kaunta ya Mwenye Baa

Baa aliyoianzisha baba yangu eneo la Majengo, mjini Moshi, imekuwa na muziki wa bendi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika vipindi vya neema na vya dhiki, nami nimeisimamia tangu alipozidiwa na uzee akanikabidhi funguo. Watu wanaofikiria kufungua ukumbi wa aina hiyo hunijia mara kwa mara kuomba ushauri, na karibu wote huanza na habari za bia: kreti ngapi zianzie, faida ni kiasi gani kwa chupa, wahudumu walipwe vipi. Mimi huwajibu kwamba swali la kwanza ni vyombo. Gitaa, amplifaya, ngoma na mikrofoni vitakuwa mali ya nani? Kila baa yetu ilipoinuka na kila ilipoyumba, chanzo nilikiona katika swali hilo, na ndiyo sababu nimeamua kuiandika historia yake.

Moshi ni mji uliokuzwa na reli na kahawa. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, wakati wa utawala wa Wajerumani, na ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, ulianzishwa mwaka 1933. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoipa baa yetu uhai. Reli ilituletea wapigaji, kwa kuwa Tanga ulikuwa mji wa muziki, wenye bendi hodari kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na kijana aliyekosa nafasi katika bendi hizo aliweza kupanda treni akaja kujaribu bahati yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kahawa ilituletea wateja. Mkulima aliyepokea malipo yake alishuka kutoka Kibosho, Machame au Marangu kununua mabati na sare za watoto, na kabla ya kutafuta gari la kurudi alitaka kukaa mahali penye uchangamfu. Huko juu kwao mbege, pombe ya ndizi, ilikuwepo, tena nzuri, na baba alielewa mapema kwamba hawezi kushindana na mbege kwa bei wala kwa mazoea. Kitu ambacho mtu wa Kibosho hakukipata kijijini kwake ni gitaa la umeme.

Baba alikuwa karani katika kiwanda cha kukoboa kahawa, mtu wa hesabu na wa maneno machache, asiyejua kupiga chombo chochote. Vyombo vya kwanza alivinunua Nairobi, vikiwa vimekwisha kutumika, vikaingia nchini kupitia Taveta katika lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kupeleka vitunguu Kenya: gitaa la solo, la ridhimu na la besi, amplifaya mbili za taa, mikrofoni mbili, tumba na seti ya ngoma iliyokosa sahani moja. Aliajiri vijana, akawalipa mshahara wa mwezi, akawapa vyumba nyuma ya baa na chakula cha mchana. Dansi lilipigwa Ijumaa na Jumamosi usiku, na Jumapili mchana kulikuwa na bugi kwa vijana, ambapo ziliuzwa soda tu. Ufunguo wa stoo ya vyombo ulikaa mfukoni mwake, na mpigaji aliyetaka kufanya mazoezi siku isiyopangwa alipaswa kumwomba.

Nyimbo nyingi zilikuwa za kopi. Wapigaji waliizunguka redio ya baa wakati wa vipindi vya muziki vya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), mmoja akinakili maneno kwa penseli, mwingine akiitafuta njia ya solo kwa kuimba puani ili asiisahau kabla ya kulishika gitaa. Nilikuwa mtoto, nikikaa juu ya kreti tupu karibu nao, na hapo ndipo nilipojifunza kusikiliza. Nilijua kuitenga besi na sauti nyingine zote kabla sijajua kusoma vizuri. Bendi kubwa za wakati ule kila moja ilikuwa na mtindo wake unaojulikana nchi nzima, Western Jazz na saboso yao, baadaye Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, na sikinde, na baba alitamani sana bendi yake nayo iwe na mtindo wake. Haikuupata, kwa sababu mtindo huzaliwa na watu waliokaa pamoja muda mrefu, na watu wake hawakukaa.

Wa kwanza kuondoka alikuwa mpiga solo. Alikuja kuaga asubuhi, akiwa amevaa suti aliyoishona kwa mshahara wa baba, na baba alipomkumbusha vyote alivyotendewa, alijibu kwa adabu, akiwa amesimama: “Mzee, gitaa ni lako, lakini vidole ni vyangu.” Baada ya miezi michache mwimbaji alimfuata Dar es Salaam, kisha mpiga ngoma akarudi Tanga, na vyombo vikabaki stoo vikifunikwa na magunia. Baba aliunda bendi nyingine, nayo ikaenda vivyo hivyo.

Yeye aliiita tabia hiyo utovu wa shukrani, na wenzake waliokuwa na baa walikubaliana naye. Mimi nimefikia maoni tofauti, na nadhani historia ya muziki wetu inaniunga mkono. Mwanamuziki wa mji mdogo aliyetaka sauti yake isikike nje ya mji huo alikuwa na njia mbili tu. Moja ilikuwa kwenda Dar es Salaam, kwenye studio za RTD zilizokuwa Barabara ya Pugu, na nyingine ilikuwa kuvuka mpaka kwenda Nairobi, kwenye kampuni za kutengeneza sahani za santuri. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipitia Arusha, wakaunda Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakaingia Kenya, ambako walipata umaarufu mkubwa kwa jina la Simba Wanyika. Arusha iliwalea, Nairobi ikawavuna. Kwa hiyo mwenye baa wa Moshi aliyekuwa na vyombo stoo na mshahara mdogo mkononi alikuwa akishindana na miji miwili mikubwa kwa wakati mmoja, na mwanamuziki asiyemiliki hata waya mmoja wa gitaa analolipiga hakuwa na la kumzuia pale basi la alfajiri lilipopiga honi. Alipoondoka hakupoteza kitu. Hilo ndilo jambo ambalo baba, pamoja na umakini wake wote wa hesabu, hakuliingiza kwenye daftari.

Mwezi wa Februari mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati yake ikaja Vita vya Kagera, na baada ya vita ukafuata uhaba wa kila kitu. Wanaokumbuka miaka ile hukumbuka foleni za sukari na sabuni, lakini sisi wa baa tuna kumbukumbu zetu za ziada. Bia iligawiwa kwa kreti za kuhesabu, na bila chupa tupu za kurudisha hukupewa kitu. Nyuzi za gitaa zilikuwa hazipatikani kabisa, maana tulizoea kuzipata Nairobi.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akizichemsha. Nyuzi za besi zilizokufa sauti kwa jasho na vumbi alizikunja kama bangili, akazitia kwenye sufuria la maji yenye sabuni kidogo, akaziacha zitokote jikoni pembeni ya mtori wa wateja. Kisha alizisuuza, akazifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kuzianika kwenye kamba. Zikirudishwa kwenye gitaa zililia upya kwa usiku mmoja au mbili, halafu zikafifia tena. Ngozi za tumba zilikuwa za mbuzi, zikilegea kwa ubaridi wa Moshi wa mwezi wa Julai, hivyo kabla ya kila dansi zilioteshwa moto nyuma ya jiko la nyama hadi mpigaji akizigonga kwa kidole aridhike. Fimbo za ngoma zilichongwa kwa mti wa mpera. Nayaeleza haya kwa sababu yanaonyesha jinsi hesabu ya umiliki ilivyogeuka bila mtu kupanga. Vyombo viliandikwa jina la baba, ila uhai wake ulikuwa mikononi mwa wapigaji waliojua kuvifufua.

Miongoni mwao alikuwemo mpiga besi aliyekuwa pia fundi redio. Amplifaya moja ilipoungua, na baba akiwa hana fedha za kumlipa malimbikizo ya mshahara wake, walikubaliana kwamba akiweza kuitengeneza iwe yake. Aliitengeneza kwa vipuri vya redio mbovu. Tangu siku hiyo kilikuwa chombo pekee ukumbini ambacho baba hakukishikia ufunguo, na mwenye chombo hicho ndiye mpigaji pekee wa kizazi chake ambaye hakuhama. Alipata mialiko, najua, kwa maana barua nyingine zilipitia mikononi mwangu. Alijenga nyumba Pasua, akaoa, akafundisha besi kila kijana aliyekuja, na mapato yake aliyaongeza kwa kukodisha amplifaya kwenye harusi siku ambazo hatukuwa na dansi. Baba alimsifu kwa uaminifu wake. Nami nilimheshimu sana, lakini niliona kwamba uaminifu huo ulikuwa na mizizi inayoshikika: alikuwa na mali yake mjini.

Miaka ya katikati ya 1980, biashara ilipolegezwa enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi, bia na nyuzi vilirudi, na kwa muda tulistawi. Kisha mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Wakulima wengine waliing'oa mibuni yao wakapanda nyanya na ndizi, na siku za malipo ya kahawa, zilizokuwa zikiijaza baa yetu kuliko sikukuu, zikapoteza maana yake. Muongo uliofuata ulileta disko, na kuanzia mwaka 1994 redio za watu binafsi, kisha Bongo Fleva, huku jirani zetu wa Arusha wakijijengea sifa katika hip hop kupitia vijana kama X Plastaz. Sina kinyongo na muziki huo hata kidogo, na wanangu wameukulia. Ila kwa mwenye baa hesabu ilikuwa wazi: dijei mmoja alilipwa sehemu ndogo ya gharama ya bendi nzima, hakuhitaji mazoezi wala chakula cha mchana. Baba alinunua mashine za disko. Baa yetu ikawa sawa na nyingine zote za mji, na mteja hakuwa na sababu ya kutupitia sisi badala ya jirani.

Nilipoachiwa usimamizi niliamua kurudisha bendi, kwa masharti mengine. Nilimwita yule mpiga besi, ambaye wakati huo nilikuwa nikimwita Baba mdogo, pamoja na wapigaji aliowakusanya, tukakaa mchana kutwa chini ya mwembe. Tulichokubaliana tulikiandika, na mwenyekiti wa mtaa akashuhudia. Magitaa, ngoma na amplifaya za jukwaani viliuzwa kwa wapigaji wenyewe, kila mtu chombo chake, kwa makato madogo kutoka kwenye mapato ya mlangoni. Spika kubwa, miksa, jenereta na jukwaa vilibaki mali ya baa. Kiingilio chote kikawa cha bendi, na mauzo yote ya kaunta na jikoni yakawa yangu. Mpango huu wa mlango kwa bendi na kaunta kwa mwenye baa si uvumbuzi wangu, kwani kumbi nyingi za dansi nchini zimeutumia, lakini mara nyingi huharibika kwa mambo madogo ambayo watu huyaacha yajipange yenyewe, nami ningependa kuyaeleza kwa kirefu kidogo.

Mgawanyo wa vyombo una sababu zake. Mpigaji mwenye gitaa lake hulala nalo nyumbani, hulipiga asubuhi, hulifanyia matengenezo bila kuambiwa, na akialikwa kwenye harusi Jumatano anapata riziki ambayo mimi siwezi kumpa. Spika kubwa na miksa, kwa upande wake, ni ghali mno kwa mpigaji mmoja, na zikiwa mali ya bendi nzima bendi ikivunjika huzuka ugomvi usiokwisha. Tena baa yenye mitambo yake inaweza kumpokea mgeni yeyote. Mwezi wa Desemba, Wachaga walioko Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko wanaporudi nyumbani kula Krismasi, bendi kubwa hupanda huku kaskazini kuwafuata, na ukumbi wenye spika nzuri na umeme wa uhakika huwa wa kwanza kupigiwa simu.

Mlangoni hukaa watu wawili, mmoja wa bendi na mmoja wangu, na tiketi zina namba. Dansi likiisha, fedha huhesabiwa mezani mbele ya wapigaji wote, hata kama wamechoka na hata kama ni saa tisa usiku. Kuahirisha hesabu hadi kesho yake ni kupanda mbegu ya fitina. Katika masika, barabara zinapokuwa tope na watu hawatoki, mlango pekee ungewalaza wapigaji na njaa, kwa hiyo upo mkataba wa posho ya chini ambayo baa hujazia pale kiingilio kinapopungua. Kuhusu tuzo tulibishana muda mrefu kuliko jambo lolote. Mwimbaji alidai fedha anayobandikwa kwenye paji la uso ni yake, mpiga ridhimu akauliza ni nani atakayeinuka kumtunza yeye aliyekaa gizani nyuma ya tumba. Uamuzi ulikuwa kwamba inayobandikwa ni ya aliyetunzwa, na inayowekwa kwenye kapu lililo mbele ya jukwaa ni ya wote kwa usawa. Mshereheshaji hulitaja kapu hilo kila wimbo unapoingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, na mara nyingi hujaa kuliko mapaji.

Sharti moja lilitokana na mzazi. Tulipompata mwimbaji wa kike, binti wa Njoro, mama yake alikuja mwenyewe kuniona. Hakuuliza mshahara, ila alisema, “Dada, nataka kujua mwanangu atarudije nyumbani.” Tangu hapo gari la kuwarudisha wanamuziki na wahudumu wa kike ni gharama ya kaunta, imeandikwa, na hakuna mteja anayeruhusiwa kupanda. Nawasihi wote wanaofungua ukumbi walichukulie jambo hili kwa uzito uleule wanaoupa leseni ya vileo.

Majirani nao wana haki zao. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotungwa mwaka 2015 zilitukuta tayari tumegeuza jukwaa, likatazama ukuta wa ghala badala ya nyumba za watu, na tumehamishia dansi kuu Jumapili kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku. Niliogopa kwamba muziki wa mchana ungeua mapato. Kumbe wastaafu waliokuwa wakiona tabu kutoka usiku walirudi, wakaja na wake zao, wakaagiza ndizi na nyama, wakaomba zilipendwa za Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu. Wapagazi wa watalii walioshuka mlimani wakiwa na malipo yao huja pia, wakikaa pamoja meza za pembeni. Ada ya hakimiliki tunailipa, na wapigaji wangu ndio wanaonikumbusha, kwa sababu wao pia wana nyimbo zao sasa.

Mpango wetu ulipimwa mwezi wa Machi mwaka 2020, serikali iliposimamisha mikusanyiko, ikiwemo ya muziki, baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona nchini kutangazwa hapa jirani Arusha. Watalii walitoweka, wapagazi wakarudi vijijini, jukwaa likawa kimya. Wakati wa baba, ukimya wa namna hiyo ungemaliza bendi mara moja. Safari hii kila mtu alikuwa na chombo chake nyumbani. Mpiga solo alifundisha watoto wa mtaa kwa malipo kidogo, wengine walitunga, na Baba mdogo, aliyekuwa ameanza kusumbuliwa na macho, alimfundisha mjukuu wake wa kike besi nzima ya nyimbo zetu za kawaida. Muziki uliporuhusiwa tena katikati ya mwaka walirudi wote, pamoja na huyo mjukuu, wakiwa na nyimbo mpya ambazo sikuwahi kuzisikia.

Nyimbo hizo ndizo zimetuletea mjadala tulio nao sasa. Mwanamuziki wa Moshi hahitaji tena kwenda Dar es Salaam wala Nairobi ili arekodiwe. Studio zipo hapa hapa mjini, na dansi zima linaweza kurekodiwa kutoka kwenye miksa yetu na kusikika kesho yake popote penye intaneti. Lakini miksa ni yangu, umeme ni wangu, na wapo walionishauri kwamba rekodi ya jukwaani kwangu nayo iwe yangu. Nimekataa. Katika mkataba mpya tunaouandaa, rekodi ni mali ya bendi, kama ulivyo mlango, na baa italipwa gharama ya fundi mitambo na umeme wa siku hiyo tu. Kilichobaki ni kukubaliana jinsi bendi itakavyogawana mapato kati ya mtunzi na wapigaji, na katika hilo wameniomba niwe shahidi, nisiwe mwamuzi.